Mtindo na Makusudi: Barua, Tarihi, Gazeti na Hukumu katika Maandishi ya Kiswahili

IKISIRI

Makala haya yanafafanua uhusiano uliopo baina ya mitindo ya maandishi ya Kiswahili na makusudi yaliyoizaa. Yanashughulikia hasa barua, tarihi, habari za gazetini na maandishi ya sheria. Hoja inayotetewa ni kwamba sifa yoyote ya lugha haiwezi kuitwa kosa wala pambo kabla haijaulizwa ilikuwa ikifanya kazi gani mahali ilipotumiwa. Mfano mmoja uliotungwa, wa shamba linalogombewa na ndugu wawili, unapitishwa katika mitindo yote minne.

1.0 UTANGULIZI

Neno mtindo limepata bahati mbaya katika ufundishaji wa lugha. Mwanafunzi wa sekondari hulijua kama jina la jumla la tamathali za usemi: tashbihi, takriri, tashihisi na nyinginezo. Anapofika chuo kikuu huwa amekwisha kuamini kwamba mtindo ni mali ya fasihi peke yake, na kwamba maandishi mengine yote, kuanzia tangazo la mnada hadi hati ya wosia, hayana mtindo bali yana “lugha ya kawaida”. Imani hiyo ina madhara mawili. Kwanza, hufanya maandishi yasiyo ya fasihi yasisomwe kwa makini. Pili, huifanya insha ya shuleni kuwa mizani ya kupimia kila andiko la Kiswahili, hata lililoandikwa kabla ya shule hizo kuwapo.

Wanaisimu wamekwisha kulitazama suala hili kwa upana zaidi. Roman Jakobson, katika maelezo yake mashuhuri yaliyochapishwa mwaka 1960, alionyesha kwamba lugha ina dhima kadhaa na kwamba dhima ya kishairi ni moja tu miongoni mwao. Halliday na wenzake, katika muongo huohuo, walieneza dhana ya rejista, ambayo wataalamu wengine, hasa wa Kenya, huiita sajili. Rejista ni lugha kama inavyotofautiana kulingana na matumizi, ilhali lahaja ni lugha kama inavyotofautiana kulingana na watumiaji. Lakini wazo lenyewe ni kongwe. Wanabalagha wa Kiarabu walikuwa na kanuni kwamba kila makamu yana makala yake, yaani kila hali ina usemi unaoistahili. Msomi wa pwani aliyesoma balagha asingestaajabu sana kuisikia nadharia ya rejista.

Ili mjadala usielee hewani, ichukuliwe hali ifuatayo, ambayo imetungwa kwa ajili ya makala haya. Mzee mmoja anayeishi mjini anamwandikia mwanawe mkubwa barua. Katikati ya habari nyingine anaandika: “Ama lile shamba la ng'ambo nimempa mdogo wako, na nazi za mwezi huu zisichelewe.” Baada ya miaka kadhaa mzee anafariki, na ndugu hao wawili wanafikishana mahakamani. Mdogo anashika barua mkononi: baba alisema amempa. Kesi nzima imesimama juu ya kitenzi kimoja.

2.0 BARUA

Waswahili wameandikiana barua kwa hati za Kiarabu kwa muda mrefu kabla ya hati za Kirumi kuenea. Mkusanyiko wa C.G. Büttner uliochapishwa Berlin mwaka 1892 uliwapa wasomaji wa Ulaya fursa ya kuona barua na hati za namna hiyo, na tangu hapo nyingine nyingi zimehifadhiwa katika maktaba na nyumba za watu. Anayezisoma kwa mara ya kwanza hukereka kwa jambo moja: dibaji yake ni ndefu. Mpokeaji anatajwa kwa sifa zake, anaombewa dua, anapewa salamu, anajulishwa kwamba hali za huku ni njema na kuulizwa hali za huko, na ndipo mwandishi afike kwenye “wa baadu” au “ama baada ya salamu” na kusema alilokusudia. Mara nyingine jambo lenyewe lina mistari miwili tu.

Kuiita dibaji hiyo maneno matupu ni kutoelewa kazi yake. Barua ilichukuliwa na msafiri, ikafunguliwa mbele ya watu, na mara nyingi ikasomwa kwa sauti na mtu asiyekuwa mpokeaji. Katika hali hiyo dibaji ilikuwa inatangaza cheo na udugu mbele ya hadhira. Ilimwambia msikilizaji ni nani anazungumza na nani, kwa heshima gani, na kama pana ugomvi au hapana. Barua iliyokatiza salamu ilikuwa imekwisha kusema jambo zito kabla ya kufika kwenye habari yenyewe. Kwa maneno mengine, uhusiano wa watu ulikuwa ni sehemu ya ujumbe, na wakati mwingine ulikuwa ndio ujumbe.

Sifa nyingine ya barua za watu wa karibu ni ufupi wa marejeo. “Lile shamba”, “yule mtu”, “jambo unalolijua”: viashiria vya mbali vinatosha kwa sababu wanaoandikiana wana maarifa ya pamoja. Vitenzi navyo huwa vya jumla. “Kupa” katika barua ya nyumbani huweza kuwa na maana ya kuzawadia, kukabidhi, kuazima au kuachia mtu kazi ya kuangalia kitu. Hakuna utata wowote, kwa kuwa mpokeaji anajua baba yake ni mtu wa namna gani na shamba lile lina historia gani. Utata huzaliwa pale tu barua inapotolewa ndani ya udugu na kupelekwa mbele ya watu baki.

Barua ya kiserikali ilichukua njia nyingine. Kumbukumbu namba, tarehe, anwani na kichwa kinachoanza na “Yah:” vinafanya kazi ya jalada: barua itafutwe, ipatikane na ijibiwe na mtu yeyote atakayekalia kiti hicho. Cheo kinaandikiana na cheo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 neno “Ndugu” lilienea Tanzania Bara mahali pa “Bwana”, na hapo siasa ikaingia hata katika mstari wa salamu. Katika mtindo huuhuu ndimo lilimoota lile fungu maarufu la “Husika na kichwa cha habari hapo juu”. Kisarufi ni fungu la ajabu, kwani linamwamuru mpokeaji ahusike. Hata hivyo limedumu ofisini kizazi baada ya kizazi, na hata katika barua za wanafunzi wa uzamili wanaoomba kuongezewa muda. Yamkini sababu ya kudumu kwake ni kwamba barua ya ofisi iliondoa dibaji ya kale bila kuweka daraja lingine baina ya anwani na hoja. Mwandishi wa Kiswahili huona haya kuingia moja kwa moja, naye hushika chochote kilichopo.

3.0 TARIHI NA MASIMULIZI

Maandishi makubwa ya nathari ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 yanasomwa leo zaidi na wanahistoria kuliko wanafunzi wa lugha, na hilo ni jambo la kusikitisha. Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, inayosimulia watawala wa Usambaa, ilichapwa kwa mara ya kwanza kwa sehemu na misheni ya UMCA kuanzia miaka ya 1890, na ikatolewa tena mwaka 1962 chini ya uhariri wa J.W.T. Allen. Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip, yalitolewa na Heinrich Brode mwanzoni mwa karne ya 20, na baadaye yakahaririwa upya na W.H. Whiteley. Desturi za Wasuaheli ya Mtoro bin Mwinyi Bakari ilichapishwa na Carl Velten mwaka 1903.

Jambo linalovuta macho katika tarihi ni mfululizo wa kiambishi -ka-. Sarufi za shule hueleza kwamba -ka- hufuata kitenzi chenye -li- na kuonyesha tendo linalofuatia. Katika tarihi, hata hivyo, -ka- inaweza kubeba masimulizi umbali mrefu sana, hata msomaji akasahau iliposimikwa -li- ya kwanza. Mwalimu wa insha angepiga mistari mekundu: sentensi ndefu, hakuna viunganishi, “akasema” imerudiwa mno. Lakini tazama kazi inayofanywa. Mtu akiandika “Wakakatiwa minazi yao, wakahama”, hajasema kwamba walihama kwa sababu ya kukatiwa minazi. Ameyaweka matendo mawili bega kwa bega na kumwachia msikilizaji auone uhusiano. Akiandika “Walihama kwa sababu walikatiwa minazi”, amechukua dhamana ya hoja, na anaweza kuulizwa ushahidi. Mwandishi wa tarihi, ambaye mara nyingi anasimulia ugomvi wa wakubwa ambao wajukuu wao wangali hai, ana sababu nzuri ya kuichagua -ka-. Kiambishi kimoja kinambebea busara yake yote.

Pana pia suala la alama. Hati za Kiarabu kama zilivyotumiwa na Waswahili hazikutegemea nukta na aya kwa namna ya uchapaji wa Kizungu. Viungo vya maneno, yaani “kisha”, “hata”, “basi”, “ama” na -ka- yenyewe, ndivyo vilivyokuwa nukta na aya. Mhariri anayeligeuza andiko hilo kwa hati za Kirumi hulazimika kukata sentensi mahali fulani, na kila anapokata huongeza alama yake juu ya alama ambayo tayari imo ndani ya maneno. Matokeo yake ni kwamba msomaji wa leo huona “basi” na “hata” kuwa vinarudiwa bila haja, ilhali haja iliyokuwapo imefunikwa na nukta ya mhariri. Mwanafunzi anayetaka kuandika tasnifu juu ya mtindo wa tarihi hana budi kuanzia hapo, tena akiwa na miswada au picha zake, la sivyo atachambua mtindo wa wahariri.

Si kila andiko la kundi hili ni la -ka-. Kazi ya Mtoro ina makusudi tofauti, na makusudi hayo yanaonekana. Mtoro alikuwa akifanya kazi Berlin, katika Seminari ya Lugha za Mashariki, na kitabu kililenga kuwafundisha Wazungu mambo ya Waswahili. Kwa hiyo kinaeleza mambo ambayo hakuna Mswahili angemweleza Mswahili mwenziwe. Tendo la desturi halikutokea siku fulani, hutokea kila hali yake ikitimia, na lugha inayolifaa ni ya -ki- na hu-: mtoto akizaliwa, watu hufanya hivi na hivi. Tippu Tip, kwa upande mwingine, anasimulia kama mfanyabiashara anayejua kwamba safari ni hesabu: pembe, mikopo, wapagazi, majina ya waliomdai na aliowadai. Maandishi haya ni ya kipindi kimoja na yote yalitolewa kwa mkono wa Wajerumani, lakini hayafanani, kwa kuwa mmoja anafundisha na mwingine anatoa hesabu ya maisha yake.

4.0 GAZETI

Gazeti la Msimulizi lilianza kutolewa Unguja mwaka 1888, na Mambo Leo la serikali ya Tanganyika lilianza mwaka 1923. Tangu hapo vyombo vya habari vimejenga mtindo wenye sarufi yake yenyewe, na sehemu yake iliyo dhahiri zaidi ni vichwa vya habari.

Kichwa cha habari hutumia -a- kwa jambo lililokwisha kutokea: “Mahakama yampa mdogo shamba”. Katika mazungumzo watu wangesema “imempa” au “ilimpa”. Jambo linalotazamiwa huandikwa kwa kitenzi-jina bila kiambishi cha wakati: “Mahakama kuamua kesi ya shamba Jumatatu”. Nafasi ni finyu, na silabi moja ni mali. Lakini ufinyu hauelezi kila kitu, kwani kati ya “yampa” na “ilimpa” tofauti ya herufi ni ndogo. Kiambishi -a- hakifungi tukio katika jana, nalo huonekana linatendeka mbele ya macho ya mnunuzi aliyesimama kibandani. Hasara yake huonekana pale -a- inapogongana na nomino. “Ndugu wagombea shamba” chaweza kusomwa kama sentensi, au kama sifa ya ndugu fulani ambao ni wagombea, na katika mwaka wa uchaguzi msomaji hupotea kabisa.

Ndani ya habari yenyewe mpangilio ni kinyume cha tarihi. Tarihi huanza na mwanzo. Gazeti huanza na mwisho: nani kashinda, wangapi wamekufa, kiasi gani kimepotea. Aya ya kwanza inapaswa kujitosheleza, kwa sababu msomaji anaweza kuishia hapo na mhariri anaweza kukata zilizosalia. Katika hili gazeti halina budi kuacha -ka-, kwani mtu asiyefuata mfuatano hahitaji kiambishi cha mfuatano.

Linalostahili kuangaliwa kwa jicho kali zaidi ni kauli ya kutendwa au ya kutendeka isiyo na mtenda: “imeelezwa”, “imefahamika”, “inadaiwa”. Hizi hazifanani. “Inadaiwa” ina kazi halali, kwani mshtakiwa hajahukumiwa na gazeti halina haki ya kumhukumu. “Imefahamika” ni nyingine: nani amefahamu, na kwa nani? Mara nyingi inaficha kwamba mwandishi alisikia kwa mtu mmoja. Fungu “kufuatia” nalo, lililoingia kwa mkondo wa tafsiri za habari za mashirika ya nje, limekuwa kimbilio la wasiotaka kusema “baada ya” wala “kwa sababu ya”. Lina utata uleule wa -ka-, ila halina adabu yake: -ka- inamwachia msomaji ahukumu, “kufuatia” inamshawishi kwamba hukumu imekwisha kutolewa.

5.0 SHERIA NA HUKUMU

Kiswahili ni lugha ya mahakama za mwanzo za Tanzania kwa miongo mingi sasa, na Katiba ya mwaka 1977 ipo kwa Kiswahili. Katika mahakama za juu, hata hivyo, kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza, hadi marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yalipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku Kiingereza kikiachiwa nafasi katika mazingira maalumu. Mabadiliko hayo yameufanya mtindo wa kisheria kuwa suala la dharura. Mijadala mingi imehusu istilahi. Istilahi ni muhimu, lakini si hapo penye ugumu mkubwa. Ugumu umo katika sarufi.

Ichukuliwe sentensi hii: “Mlalamikaji alimuuzia mjomba wake shamba lake.” Shamba lilikuwa la nani kabla ya kuuzwa? Kimilikishi -ake chaweza kurejea kwa mlalamikaji au kwa mtu wa tatu aliyetajwa nyuma, na kwa msomaji mkorofi, hata kwa mjomba mwenyewe. Kiswahili hakitofautishi jinsia katika viwakilishi, na “alimpa”, “alimwambia”, “alimdai” zinaweza kuzunguka baina ya watu watatu bila alama yoyote ya kuwatenganisha. Mtindo wa barua hauoni tabu. Mtindo wa tarihi hutatua kwa mazungumzo na majina. Mtindo wa sheria hauna njia nyingine ila kurudia nomino: mlalamikaji, mdaiwa, shamba lililotajwa. Urudiaji huo, ambao mwalimu wa insha huuita udhaifu, ndio unaozuia mtu asipoteze urithi.

Vivyo hivyo kwa kitenzi “-weza”. Katika lugha ya kila siku “hakimu anaweza kuahirisha shauri” inaweza kumaanisha kwamba ana uwezo, ana ruhusa, au huenda akafanya hivyo. Sheria hutaka maana moja tu, ya ruhusa, na hutaka itofautiane kabisa na “atapaswa” au “itakuwa ni lazima”. Waandishi wa sheria hujaribu kuitengeneza tofauti hiyo kwa kushikilia umbo moja kwa maana moja, kila mara, bila kuogopa kuchosha. Mhariri wa kawaida anayebadilisha “atapaswa” hapa na “anatakiwa” pale ili kupendezesha hati anaweza kuzaa kesi mbili pasipokuwa na hata moja.

Uzito wa mafungu kama “bila ya kuathiri masharti ya” na “kwa madhumuni ya kifungu hiki” ni suala jingine. Mengi ni kivuli cha Kiingereza. Baadhi yana kazi, kwani yanapanga daraja baina ya vifungu. Mengine yangeweza kuachwa na mwananchi akafaidika, maana sheria ina hadhira mbili: wakili anayetafuta mwanya, na mkulima anayetaka kujua kama ameshinda. Mitindo mingine iliyojadiliwa hapa haina mgawanyiko mkali kiasi hicho. Hakimu wa mahakama ya mwanzo anayesoma hukumu yake mbele ya wadaawa hujua hivyo, na ndiyo maana hukumu iliyoandikwa vizuri hubadilisha mtindo katikati: husimulia ukweli wa shauri karibu kama tarihi, kisha huandika amri kama kifungu cha sheria.

6.0 MTINDO WA KITAALUMA NA USAHIHISHAJI

Kuhusu mtindo wa kitaaluma hakuna haja ya maneno mengi, kwa kuwa wasomaji wa jarida wanaujua kwa uchungu. Shaaban Robert alitoa Kielezo cha Insha mwaka 1954, na kwa muda mrefu insha ya aina hiyo, yenye wasaa wa mawazo na mizani ya sentensi, ndiyo iliyokuwa kilele cha nathari ya kueleza. Makala ya chuo kikuu yameachana nayo na kuchukua namna ya kujificha: “makala haya yanachunguza”, kana kwamba karatasi ina macho. Kujificha huko kuna sababu. Hoja inatakiwa isimame bila kuegemea cheo cha mtoaji. Lakini mwanafunzi wa uzamili huiga umbo bila sababu, akaandika “imeonekana kwamba” pale ambapo ni yeye peke yake aliyeona, na hapo anakuwa ameazima “imefahamika” ya gazeti.

Usahihishaji unaozingatia makusudi ungeanza kwa kumpa mwanafunzi tukio moja aliandike kama barua, kama tarihi, kama habari ya gazeti na kama maelezo ya hukumu, kisha kumtaka atetee kila kiambishi cha wakati alichokichagua. Barua ya yule mzee ingefaa kwa zoezi hilo.

Ikisomwa kwa macho ya sheria peke yake, “nimempa mdogo wako” inampa mdogo ushindi. Ikisomwa kama barua, mambo mengine hujitokeza. Mzee anamwarifu mkubwa, hamwandikii mdogo, na hataji shahidi wala mipaka, jambo ambalo mtu anayehamisha mali kwa kauli yake angelitaja. Muhimu zaidi ni kishazi kilichofuata, kilichopita kimyakimya: nazi za mwezi huu zisichelewe. Anayetoa shamba kwa zawadi haendelei kudai nazi zake. Katika mtindo wa barua, ambamo kitenzi ni cha jumla na maana hubebwa na maarifa ya pamoja, “nimempa” hapo inaelekea kusema “nimemkabidhi alitazame”. Wakili wa mkubwa anaweza kuijenga hoja hiyo mbele ya hakimu, mradi awepo mtu wa kumweleza kwamba herufi zilezile hazisemi jambo lilelile katika kila aina ya karatasi.